Jeshi Langu la Kisimani

Jumatatu, 4 Agosti
Balaa! Kisima cha ploti kinanuka kama tapentaini. Afisa wa afya amekuja na chupa zake, akanusa, akaandika. Anasema tangi la kituo cha mafuta huko juu limevuja. Atarudi Ijumaa. Asipoona nafuu, atakifunga kwa zege. Na mimi, Oduor, ndiye mlinzi wa kisima. Chumba ninacholala ni cha mlinzi wa kisima. Kisima kikifungwa nitalinda nini? Ziro, muuza maji wa mkokoteni, alikuja kunipa pole huku anacheka. Tayari ameupaka mkokoteni rangi mpya. Mshenzi!

Jumanne, 5 Agosti
Nimeokoka! Velma, binti wa Mama Mbeyu wa chumba cha tatu, anasomea kemia chuo kikuu. Baada ya shikamoo akanieleza yote. Kinachonuka ni etha, wanayoitia kwenye petroli ili iungue vizuri. Petroli nyingi hunasa udongoni, lakini etha hupenda maji, hukimbia nayo mpaka kisimani. Mtu akiinywa, ini huivunja, nyingine hutoka kwa pumzi, siku mbili tatu imekwisha. Lakini ardhini hakuna ini. Kuna vijidudu. Vinaila! Polepole, vikipata hewa. Nikauliza vinapatikana wapi. Kwenye tope lililozoea petroli, akasema, ila kazi hiyo ni ya miezi, tena ya wataalamu. Hapo mwisho sikusikiliza sana.

Jumatano, 6 Agosti
Nina jeshi! Ndoo mbili za tope la mtaro wa nyuma ya kituo, pipa la bluu, maji ya kisima. Hewa natia kwa pampu ya baiskeli. Nimepampu hadi bega likafa ganzi. Kisha nikaingiwa na huruma: kiumbe ashinde na etha tupu? Nikavipa uji wa wimbi wenye sukari. Velma akapita, akashika kichwa. Anasema kijidudu kikionja uji hakina haja ya etha. Kweli, hata mimi. Lakini povu limepanda! Povu ni uhai.

Alhamisi, 7 Agosti
Ziro amewatangazia wapangaji kwamba napika chang'aa. Wivu! Nikamjibu mbele za watu kuwa Velma mwenyewe kasema etha ikivunjika nusu hugeuka aina ya pombe. Nilidhani nimemkomesha. Jioni wanaume watatu wamekuja na vikombe.
Mama Mbeyu naye amekuja. Anafulia watu nguo, na tangu Jumatatu hajafua hata shuka moja. Akaniambia, baba, tunakutegemea wewe. Sitamwangusha, wallahi! Nimenusa pipa: harufu imepungua. Velma anasema huenda imeruka tu kwa kupampu. Msomi hana imani.

Ijumaa, 8 Agosti
Siku ya ushindi! Niliamka mapema. Tangu mwaka wa kipindupindu, sheria ya ploti yetu ni moja: mgeni haonyeshwi maji ambayo hayajatiwa dawa. Na mimi sheria naifuata. Nikamimina klorini kwenye pipa, chupa nzima, jeshi litokee safi mbele ya afisa.
Afisa akafika. Velma alikuwa ameazima hadubini ndogo. Akachungulia. Akachungulia tena. Akaniuliza kwa upole nimetia nini. Nikamwambia kwa fahari.
Vimekufa vyote. Eti kazi ya klorini ni hiyo hiyo, kuua vijidudu. Ziro alicheka hadi akakaa chini. Afisa hakucheka. Mama Mbeyu akamsihi sana, naye akatuongezea wiki moja. Moja tu. Nilishindwa kumtazama yule mama usoni.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimepata! Tena jibu nilikuwa nalo tangu Jumanne! Velma alisema mwenyewe: ini, siku mbili tatu. Na mimi nina wiki nzima! Nimetoka buchani sasa hivi na ini la ng'ombe, kilo nne, bado lina joto. Nitalifunga kamba nilishushe kisimani taratibu. Velma simwambii, atanivunja moyo. Safari hii hakuna uji. Makosa ya jana hayarudiwi.
Nalishusha saa kumi. Kwa sasa nimeliloweka kwenye klorini, liwe safi.