Miamba Uliyotuahidi na Miamba Uliyotupa

Kwako Ndugu Mtangazaji wa podikasti ya Historia ya Miamba,

Kabla ya malalamiko naomba nikiri jambo ambalo sijamwambia mama, wala binamu yangu ninayelala naye chumba kimoja, wala mwalimu wangu wa jiografia. Nilijua. Nilijua tangu dakika ya nne ya kipindi cha kwanza kwamba miamba unayoizungumzia wewe haichimbwi, haipasuliwi, na haiwezi kumsaidia mtu yeyote kufaulu jiografia. Inapiga gitaa. Nilijua, na nikaendelea kusikiliza vipindi hamsini na vinane.

Nimeona niseme hili mapema usije ukadhani nakuandikia kwa hila. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza shule miezi minne iliyopita, na watu husema sina maneno. Ni kweli, ya mdomoni sina. Ya kalamu ninayo, na nimeyapa namba ili iwe rahisi kwako kuyajibu.

1. Jina la kipindi. Baba yangu ni fundi wa mawe. Hukata marumaru na graniti za kaunta za jikoni, ngazi na makaburi, na karakana yake imeungana na nyumba yetu kiasi kwamba hata sukari yetu ina vumbi. Wiki sita kabla ya mtihani aliniuliza nasoma nini, nikasema miamba. Alifurahi kama mtu aliyesikia kwamba mwanawe anaulizwa habari zake mtihanini. Akanishauri nitafute na masomo ya kusikiliza, maana macho yangu yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Nikaandika kwenye simu "historia ya miamba". Ukatokea wewe. Ndugu Mtangazaji, mtu akiulizia duka la viatu haelekezwi kwa bwana mmoja anayeitwa Kiatu.

2. Tafsiri zako. Ungekuwa mtangazaji wa kawaida ungeyaacha majina ya muziki huu wa roki kwa Kiingereza, kama wenyewe walivyoyaita, na baba angenigundua siku ya kwanza, na leo tungekuwa tumeshasameheana. Lakini wewe umeapa kutafsiri kila kitu. Unasema "mwamba mgumu", "mwamba laini", "chuma kizito". Bendi zenyewe umezibatiza Tabaka la Chini, Mlipuko wa Pili, na Vumbi na Wanawe. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye gunia la saruji nikikusikiliza, baba akaja kwa nyuma, akanichomoa spika moja ya sikioni kwa utani na kuiweka kwenye sikio lake. Wakati huohuo ukasema, kwa ile sauti yako nzito: "Tabaka la Chini lilipasuka mwaka ule kwa sababu ya shinikizo kubwa kutoka ndani, na vipande vyake ndivyo vilivyozaa Mlipuko wa Pili."

Baba alinirudishia ile spika kwa mikono miwili. Akaenda jikoni nikamsikia akimwambia mama kwamba mtoto huyu anasoma vitu vizito, asitumwe dukani hovyo. Kipindi chenyewe kilihusu mpiga besi aliyemtongoza dada wa mpiga ngoma. Nilikula jiwe, sikumsahihisha. Hapo ndipo uwongo wangu ulipoanza, na ulianza kwa kinywa chako.

3. Mtihani. Swali la nne lilisema: taja aina tatu za miamba na ueleze jinsi kila moja ilivyotokea. Nilifumba macho niikumbuke sauti ya mwalimu. Ikaja yako. Nikaandika kwamba mwamba mgumu hutokea pale mwamba wa kawaida unapopashwa moto na kukandamizwa na wazazi kwa muda mrefu. Nilirudi nikafuta maneno "na wazazi", lakini nina wasiwasi kwamba yanasomeka kwa chini. Kuhusu mwamba laini niliandika kwamba ulitokea baadaye, watu walipochoka na kuoa. Hilo sikulifuta kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Matokeo hayajatoka. Yakitoka, naomba tugawane.

4. Ugomvi usionihusu. Mwimbaji na mpiga ngoma wa Tabaka la Chini waligombana kabla mama yangu hajamjua baba yangu. Hata hivyo umenifanya niwe upande wa mpiga ngoma, aliyebeba ngoma zake mwenyewe kwenye lori miaka saba huku mwimbaji akisafiri kwa gari lake peke yake. Nilimweleza binamu habari hizi kwa uchungu. Yeye alikuwa anapaka rangi kucha, akasema kila mtu na gari lake, shida iko wapi. Leo ni siku ya tisa hatusemeshani. Nalala nimeuelekea ukuta. Mama anafikiri ni mambo ya mvulana, na amenipa mawaidha marefu ambayo hayakuwa na mpiga ngoma hata mmoja ndani yake.

5. Mteja. Hili naona haya kulieleza, lakini barua haina uso. Baba alikuwa ameenda kutafuta visu vya mashine, akaja mama mmoja aliyefiwa na mumewe, anatafuta jiwe la kaburi. Akaniuliza lipi zuri. Mimi mgeni akiniuliza jina langu tu natafuta mlango, sembuse jiwe. Maneno yangu yote yakanikimbia, yakabaki yako. Nikamwonyesha lile la kijivu la pembeni na kumwambia hivi: "Hili ni la miamba ya zamani, kabla watu hawajaanza kupenda kung'aa. Mwanzoni utaliona halina jambo. Lakini lina besi. Ukikaa nalo mwaka mmoja utalisikia."

Yule mama alilipapasa jiwe kwa muda. Kisha akasema mume wake alikuwa hivyo hivyo. Akalichukua. Wiki iliyofuata akamleta dada yake, na dada yake akaleta jirani, na sasa watu wanafika wakiulizia jiwe lenye besi. Baba akaniuliza besi ndiyo nini kwa kitaalamu. Nikamjibu kwamba ni uzito wa ndani ambao hauonekani kwenye mizani. Akanitazama, akatikisa kichwa polepole, akaenda kuandika BESI kwa chaki kwenye mawe matatu. Ndugu Mtangazaji, nimemharibia fundi wa miaka thelathini elimu yake.

6. Chai. Sasa nafika kwenye lile linaloniuma, na naomba hapa usome taratibu.

Kabla ya kipindi chako, mimi na baba tulikuwa tunapendana kwa njia ya salamu. Shikamoo, marahaba, umekula, nimekula. Yeye hutoka karakana masikio yanamvuma kwa grenda la kukatia mawe, mimi sina sauti ya kumfikia alipo. Hakuna aliyekosea. Lakini tangu siku ile ya spika ya sikioni, kila jioni akishanawa vumbi huvuta kiti, hunimiminia chai, na kuniuliza: "Haya mwanangu, leo miamba inasemaje?"

Nami humweleza. Humweleza habari za Tabaka la Chini kama tabaka kweli, jinsi lilivyokaa pamoja gizani miaka mingi bila mtu kulijua, jinsi joto lilivyoingia, jinsi lilivyopasuka katikati. Humweleza Vumbi na Wanawe, waliotawanyika kila mmoja upande wake na bado ukiwakusanya ni kitu kimoja. Yeye huuliza maswali mazuri. Juzi aliuliza kama vipande vilivyopasuka huweza kuungana tena. Nikasema katika kipindi cha arobaini vilijaribu, lakini haikudumu. Akasema ndivyo mawe yalivyo, gundi hushika ila mstari hubaki.

Kila jioni nasema nitamwambia ukweli, na kila jioni naona akivuta kile kiti. Njia ya mwongo ni fupi, nalijua hilo, tuliliandika ubaoni darasa la tano. Sasa imefika mwisho. Jana baba alisema Jumamosi alasiri hatawasha mashine. Ameazima spika kubwa kwa fundi cherehani, amefagia karakana, na anataka tukae wawili tusikilize kipindi kizima, yeye na mimi, mwanzo hadi mwisho. Alisema hivyo huku akikagua kisu cha grenda, kama mtu anayezungumza na kisu. Kipindi chochote nitakachokichezesha, kabla ya dakika ya nne gitaa litapiga. Na gitaa likipiga, atahesabu jioni zote na kuona kwamba zote zilikuwa uwongo.

Kwa hiyo, Ndugu Mtangazaji, nimetafakari na kuona kwamba haki iko wazi. Umelitumia jina la miamba mara hamsini na nane bila kutaja jiwe hata moja. Kama mwanamuziki anaweza kuitwa mwamba, basi na mwamba una haki ya kuhesabiwa mwanamuziki, na umewabagua wanamuziki hao wakubwa kuliko wote kwa umri. Ninachoomba ni kipindi kimoja tu, cha dakika arobaini, kuhusu mawe ya kweli, kabla ya Jumamosi. Ili kukurahisishia kazi nimekupangia:

Anza na graniti. Simulia alivyokulia chini sana, kwenye moto, bila umaarufu, na alivyochukua muda mrefu kupoa. Halafu jiwe la chokaa, ambalo ni kundi kubwa la viumbe wadogo wa baharini waliokufa bila kutajwa hata mmoja jina; hapa unaweza kushusha sauti kama ulivyofanya kwenye msiba wa yule mpiga kinanda. Malizia na marumaru, ambaye alikuwa chokaa wa kawaida kabisa, akapata shinikizo, akabadilika, na sasa hamjui tena chokaa mwenzake. Watu watalia. Gitaa la mwanzo naomba uliondoe. Badala yake ninaweza kukurekodia grenda la baba likikata jiwe gumu. Kwa kweli halina tofauti kubwa na kipindi chako cha thelathini na sita.

Usipofanya hivyo nitalazimika kumwandikia mwalimu wa jiografia. Hamjuani, lakini mkijuana hutapenda.

Pokea salamu zangu, pamoja na fundi mitambo wako anayekohoa katika kipindi cha kumi na mbili, natumaini alipona. Msalimie pia mkeo, yule anayefungua mlango na kuuliza kama bado unaongea. Kama mpiga ngoma wa Tabaka la Chini yu hai na mnawasiliana, mwambie yuko mtu anayemwelewa. Mwimbaji naye msalimie, kwa kuwa tumefundishwa adabu.

Ni mimi, msikilizaji wako mwenye masikitiko, ambaye hajakosa hata kipindi kimoja,

Binti wa Fundi Mawe

Nyongeza. Barua nilikuwa nimeshaikunja. Simu yangu iliisha chaji, nikaazima ya baba ili nitafute anwani yako ya posta. Niliandika herufi mbili tu za jina la kipindi, simu yake ikajaza zilizobaki yenyewe.

Ndugu Mtangazaji, baba amefika kipindi cha thelathini na moja. Alianza siku ile ile aliyonichomoa spika sikioni. Na chini ya kipindi chako cha wiki hii ameandika maoni, kwa jina la karakana yetu, ambayo huenda hujayasoma kwa hiyo nakunakilia:

"Mtangazaji, mimi ni fundi, si mtu wa muziki. Nilikusikiliza ili nijue mwanangu anasikiliza nini. Nimeona watu wanakuomba ubadilishe jina la kipindi. Naomba usibadilishe. Binti yangu hana maneno mengi, lakini nikimuuliza habari za miamba huongea mpaka chai inapoa. Najua ni watu, ila yeye akieleza nami naona mawe. Jumamosi nimemwomba tusikilize pamoja. Akikubali nitajifanya nashangaa. Akikataa sitarudia. Usimtaje hewani, ataona haya."

Futa namba moja hadi namba sita. Futa na mpango wa graniti, ingawa ulikuwa mzuri. Jina libaki lilivyo. Nimekwenda karakana sasa hivi nikamwambia baba kwamba Jumamosi sawa, akasema sawa, akawasha grenda haraka wakati hapakuwa na jiwe mezani.

Jumamosi gitaa litapiga, naye atajifanya anashangaa, nami nitajifanya naamini. Mbali na mimi, mtu pekee anayejua pande zote mbili ni wewe. Nakuomba sana, wewe ambaye katika vipindi hamsini na vinane hujawahi kuficha siri ya mtu yeyote, ufiche hii moja.