Toleo Jipya Lililonizimikia Kibokoni

Leo nimeaibika, jamani, na nimeaibika nikiwa na kanzu ya pasi.

Mwaijua pikipiki yangu ya zamani, ile ya kupiga teke. Asubuhi mkwe wangu, Mungu amzidishie, kaniletea toleo jipya la pikipiki ileile. Jina ndilo, umbo silo. Tangi limenenepa. Teke limeondolewa, sasa wabonyeza kidude kama kengele ya mlango. Mita ni kioo kama simu. (Nilishukuru kwa mdomo. Moyoni nikasema: haya ndiyo maendeleo?)

Baada ya Alasiri nilitakiwa msikitini Tudor kufungisha nikaha. Nikapanda, nikabonyeza, ikanguruma. Nikatia gia. Kimya! Nikawasha tena. Nikatia gia. Kimya!

Mara ya tano, wazee wa barazani Kibokoni walikuwa wamesimama kutazama. Nikawahutubia.

"Ile ya zamani ilibeba magunia ya mchele! Hii imejaa mataa, na mzee mmoja na kofia yake yashindwa kumbeba!"

Simu ikalia. Baba wa bwana harusi.

"Maalim, watu wameketi. U wapi?"

"Pikipiki mpya imekufa," nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Kopo tupu!"

Nikaanza kuisukuma kuirudisha uani. Bi Zuhura, auzaye viazi vya karai pale pembeni, akaniita.

"Maalim, hicho kiguu cha kuegeshea mbona hukikunji?"

"Hukunjwa ikishaondoka. Miaka thelathini nafanya hivyo."

"Hizi za sasa hazikubali. Ukitia gia kiguu kiko chini, yajizima isije ikakuangusha. Ya mwanangu ni vivyo hivyo."

Akakikunja kwa ncha ya ndara, mwiko mkononi. Nikawasha. Nikatia gia. Ikaondoka kwa adabu zake zote. Barazani wakapiga makofi! (Wazee wazima.)

Nikafika Tudor nimechelewa, jasho hadi kwenye kofia. Baba wa bwana harusi alikuwa mlangoni.

"Alhamdulillahi, Maalim, umepata ya kuazima! Na nzuri! Lile kopo umeliacha wapi?"

Nilikuwa nimelikalia.

Nikamweleza kweli, kwani mlangoni mwa msikiti sidanganyi. Naye akaenda kuwaeleza walioketi, safu kwa safu. Bwana harusi alipofika pa kusema "nimekubali" alishikwa na kicheko, ikabidi nimrudishe aseme upya.

Nikaha imetimia. Nanyi nawaomba msicheke. Waliocheka leo wanatosha.