Batian kwa Njia ya Paa la Kanisa

Jumapili, 7 Julai 1996
Kanisa letu hapa Soweto West litapeleka vijana Mlima Kenya mwezi wa nane. Pasta akauliza nani anaujua mlima awaongoze. Nikasimama kabla hajamaliza. Nikasema mimi Walubengo nimefika Batian, kileleni kabisa, mara mbili! (Nimefika Nanyuki, na lori la viazi. Lakini mlima ulikuwa wazi asubuhi hiyo, na niliutazama sana.) Kavoi fundi naye akainua mkono. Ati alibebea watalii mizigo huko miaka sita. Mbebaji tu! Pasta atachagua Jumapili ijayo.

Jumatano, 10 Julai
Nimefundisha vijana kwa kibanda cha chai cha Sella. Barafu ya juu ina nyufa za kumeza ploti nzima na landlodi wake, na theluji inazifunika usizione. Jua likipiga, mawe yanaporomoka. Kichwa kikiuma na ukianza kutapika, shuka, usijifanye dume. (Gazeti la kufungia nyama lina elimu.) Whitney, binti wa Sella, akauliza kama mimi nilitapika. Nikamwambia mlima ndio ulitapika kuniona. Sella alicheka! Kavoi akauliza tulilala wapi siku ya kwanza. Nikamwambia watu wa Batian hatulali.

Jumamosi, 13 Julai
Upepo umeng'oa bati la kanisa. Pasta akasema mtu wa Batian apande. Sella yuko hapo, anatazama. Ningefanyaje? Manyunyu, bati linateleza kama barafu yenyewe. Sheria ya mlima: kamba kwanza. Nikajifunga kiunoni, nikairusha upande wa pili, nikazunguka kuifunga kwa mkokoteni wa Mburu muuza maji, mitungi kumi ya maji imejaa. Tembo hausogezi!
Nikapanda. Nikapiga msumari mmoja. Mburu akamaliza chai yake, akashika mkokoteni, akateremka nao.
Nilipanda paa bila miguu. Kileleni niliona mtaa wa Raila wote, na marehemu baba. Nikatua mtaroni. Mburu akafoka, nani amefunga mzee kwa maji yake? Kavoi akapanda pekupeku, misumari minne, akashuka.

Jumapili, 14 Julai
Pasta amechagua Kavoi. Mimi nibaki nikiwaombea. Niliwakumbusha hakuna mwingine aliyevuka paa lile, kwa mvua, kwa sekunde nne. Hata Kavoi alikubali.

Jumanne, 16 Julai
Tawi letu la Kawangware 46, tangi la maji limeinama juu ya mnara. Wanatafuta mpandaji. Nimewatumia habari kwamba niko. Kosa langu nimelichunguza vizuri: magurudumu. Safari hii kamba naifunga kwa punda.