Bluu Chini ya Boma la Mama

Jumatatu, 3 Machi 1997
Kompyuta mpya ya idara imewaka! Inachora ardhi ya chini kama keki iliyokatwa: mwamba kahawia, maji bluu. Mwongera, mhadhiri mwenzangu kutoka Meru, tayari amezungusha picha ya ardhi ya kwao kwenye skrini darasani, wanafunzi wakapiga makofi. Makofi! Ijumaa wafadhili wanakuja, na nafasi ya kusoma ng'ambo ni moja tu. Lazima iwe yangu.

Jumatano, 5 Machi
Picha yangu haina mvuto. Kwetu Mbeere kote kahawia tupu, maana sikupima kisima hata kimoja. Jua lile! Na gari la idara alikuwa nalo Mwongera. Basi nimejaza bluu mwenyewe. Kidogo tu. Halafu kidogo tena. Sasa maji yanapita hadi chini ya boma letu. Inapendeza mno.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Wageni waliikodolea macho picha yangu. Balaa moja: Mama. Nilimwalika mwenyewe aje anione nikisifiwa. Akauliza ile bluu ni nini. Mbele ya wageni ningesema nini? Nikasema ni maji, Mama, na hapo ni kwako. Akalia. Akanibariki kwa Kimbeere, Mwongera akisikia. Raha iliyoje!

Jumamosi, 15 Machi
Nimekuja nyumbani. Ng'ombe hayupo. Mama amemuuza amlipe Runji, mchimba visima. Shimo ni refu hata limemmeza Runji akichimba, pamoja na ngazi yake. Vumbi. Jiwe. Vumbi tena. Majirani walimsihi Mama aache. Akawaambia mwanawe aliyaona hayo maji kwa macho yake, tena mbele ya wazungu.

Moyo umeniuma vibaya. Uzee ule, na bado anabeba mtungi mgongoni kutoka mto Ena, sasa bila hata maziwa ya chai. Nilitaka kusema ukweli. Mdomo niliufungua kabisa! Mama akaniwahi. Akasema hana kinyongo na mtu, labda Runji alikosea mahali, basi Daktari mwenyewe awaonyeshe. (Daktari! Hata hiyo shahada ya udaktari sijaipata.)

Wote wakanitazama. Nikatembea polepole. Nikakohoa. Nikaelekeza kidole karibu na mgunga.

Runji ameanza kuchimba. Mama anaimba. Mimi narudi chuoni Embu mapema, nikaongeze bluu hapo.