Maharagwe ya Kuhesabia Mizani

Jumapili, 14 Desemba 2025
Aibu. Mchungaji amekataa shairi langu la Krismasi mbele ya kamati nzima. Amesema watoto watasinzia. Limechukuliwa la Kobia, karani wa kituo cha majani chai! Mizani anayoijua yeye ni ile ya kupimia magunia. Mimi nilipata B+ ya Kiswahili. Halafu nimeombwa nilichape bure kwenye saiba yangu, duka langu la kompyuta. Nimekubali nikitabasamu. Nina mpango.

Jumanne, 16 Desemba
Nimelihakiki. Haragwe moja kwa kila silabi, mishororo yote mezani. Vina vimetulia, vya kati na vya mwisho. Imeniuma. Lakini kibwagizo! "Amezaliwa, njoni tuone." Maharagwe kumi tu, na mishororo mingine ina kumi na sita. Tena kinarudi kila ubeti, mara nane. Umaskini wa maneno.
Karwirwa, binti yangu wa miaka mitano, alikuwa akizunguka meza akiimbaimba. Nimepoteza hesabu mara mbili, nikamtoa nje. Kurudi, mama yake ameshatia maharagwe kwenye githeri. Ushahidi wangu wote uko jikoni, unachemka.

Jumatano, 24 Desemba
Nimechapa shairi bila kibwagizo. Beti nane, safi. Sijamwambia mtu. Phyllis, mwalimu wa Sunday school, amepokea karatasi akanishukuru mpaka nikaona haya. Haya yenyewe haikukaa.

Alhamisi, 25 Desemba
Sijui hata niandike nini. Watoto walisimama mbele ya kanisa. Karwirwa katikati, gauni jipya, viatu vinambana. Msomaji wa darasa la sita alimaliza ubeti wa kwanza, akaingia wa pili moja kwa moja, kama karatasi ilivyosema. Karwirwa akafungua mdomo, akaufunga. Ubeti wa tatu, vivyo hivyo. Mpaka wa nane. Kisha akanitazama.
Nje Phyllis ameniambia kibwagizo kilikuwa cha Karwirwa. Kobia alikifanya kifupi makusudi kwa sababu mtoto anaogopa watu, akakirudia ili apate nafasi nane za kusikika. Tena shairi la namna hiyo huitwa msuko, hata shuleni tulifundishwa. Nimelalamika kwamba sikuambiwa. Amesema mtoto amekuwa akifanya mazoezi kwangu kila siku.
Kwangu. Akizunguka meza yangu. Mama yake alijua, majirani walijua. Nimeona aibu mpaka nimeisukuma kando sahani ya githeri ya sikukuu.
Kobia amenipa mkono akasema, pole Baba Karwirwa, mashine nazo hukosea. Nikasema ni kweli, ni mashine.

Jumapili, 28 Desemba
Nimetubu. Nimemnunulia Karwirwa biskuti na kuapa kwamba kuanzia leo nitamsikiliza mtoto wangu.
Kobia ameleta shairi la Mwaka Mpya nichape. Nimelitazama tu, kwa nia njema. Mshororo wa tatu unanitia shaka. Nimeomba maharagwe, nimenyimwa. Natumia mahindi.
Karwirwa amekuja mezani. Ana kibwagizo kipya, anataka nikisikie. Nimemwambia angoje nje, nahesabu.