Ree Mbili kwenye Njiapanda

Jumanne, 13 Mei

Nimetolewa wa themanini na moja kati ya watu tisini. Si kosa langu. Poka ya mtandaoni humpa mchezaji sekunde ishirini za kuamua. Zikiisha, simu inatupa karata zake yenyewe, na kila mzunguko pointi hukatwa. Nilikuwa na wafalme wawili! Mama Angela akapita na kuni. Hapa Endasak mtoto hamwamkii mkubwa akiwa amekaa, wala akiwa na kitu mkononi. Nikaweka simu chini, nikasimama, shikamoo. Akauliza habari za nyumbani, za shule, za ndama. Ndama peke yake alikula sekunde kumi na tano.

Mtandao unashika kwenye jiwe la njiapanda tu, na kila mtu hupita hapo. Wolfgang, wa darasa langu, anachezea dukani kwao nyuma ya magunia. Kamaliza wa kumi na mbili. Kaja hadi nyumbani kunipa pole. Ananiita Profesa.

Tunacheza kwa pointi za bure, lakini kwa hasira nimewekeana naye dau. Jumamosi, atakayedumu zaidi anachukua cha mwenzake. Yeye kaweka taa yake ya sola. Mimi nimeweka kamusi.

Babu Gidahosh aliuza beberu kuninunulia kamusi ile nilipofaulu darasa la saba. Hajui kusoma. Kila akija kutoka Hirbadaw hunitaka nimsomee neno moja. Anakuja Jumapili.

Sitashindwa.

Jumatano, 14 Mei

Mpango: kujificha kwenye mahindi kando ya jiwe. Nimechuchumaa vizuri kabisa. Mzee Yonas, mwenye shamba, akanikuta. Aliuliza kama ninaumwa tumbo. Nikakubali. Kanipeleka kwake nikanywe dawa ya mizizi. Chungu! Nimetolewa wa themanini na nne.

Ijumaa, 16 Mei

Nimegundua! Mkubwa ukishamwamkia, siku hiyo hakudai salamu nyingine ndefu. Basi niwaamkie wote mapema. Baada ya shule nimezunguka nyumba kumi na saba. Nina aibu, lakini nilifika mwisho. Halafu nikakaa jiweni. Wakapita, wakanipungia mkono tu. Nimemaliza wa tatu! Wa tatu kati ya tisini!

Dada Judica, mwenye simu, anasema kijiji kizima kinaisifu adabu yangu. Kwa simu yake kanidai ndoo mbili za maji juu ya zile za kawaida.

Jumamosi, 17 Mei

Nyumba kumi na saba, tayari. Saa kumi na moja, jiweni. Saa kumi na mbili kasoro tulibaki tisa, Wolfgang yumo. Nikaletewa ree mbili. Hakuna karata mbili za kuanzia zinazozishinda. Wolfgang akaweka pointi zake zote. Ilibaki mimi nibonyeze tu.

Fimbo ikagonga mawe nyuma yangu. Babu! Siku moja kabla!

Nikaweka simu majanini. Nikainamisha kichwa. Akaniwekea mkono kichwani.

“Shikamoo, Babu.”

“Marahaba, Tito. Njia nzima wananiambia mjukuu wangu ana adabu. Nikasema sisubiri kesho.”

Kichwa chini, nikaona namba: kumi na moja. Kumi. Mkono haukuondoka. Akaanza habari za ng'ombe. Anao thelathini na mmoja na huwataja kwa majina. Tulipofika wa nne, ree zangu zilitupwa. Tulipomaliza zizi, sikuwa na pointi hata moja.

Jioni Wolfgang kaja kuchukua kamusi. Alimwamkia Babu vizuri sana.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya kanisa Babu akaomba neno lake. Nikaleta kitabu cha Baiolojia. Akakipima mkononi, kama anavyopima ndama.

“Kitabu changu kimekonda, Tito.”

Nikasema kamusi nimemwazima Wolfgang. Akafurahi. Akasema hakuuza beberu bure, nimekuwa mtu wa kuwafaa wenzangu. Nikatoka nje.

Nimefikiri sana. Kosa ni moja tu: sikuwa na mtu wa kupokea salamu. Wolfgang amekubali turudiane kesho. Yeye anaweka kamusi, mimi viatu vya kanisani. Nimemwomba Babu akae njiapanda, wapitao waamkiane naye nami nijisomee kwa utulivu.

Amekubali mara moja. Atakaa jiweni hapohapo, bega kwa bega nami, anihadithie kuhusu mbuzi.