Siri ya Utulivu wa Wifi

Jumatatu, 4 Mei

Mwanangu Chiriku amevuta boksi la nyuzi sasa hivi, likamwangukia. Akalia kidogo. Akaona uzi mwekundu, akanyamaza, akaanza kuutafuna. Mtoto wa watu. Nimeutoa mdomoni, narudi kuandika.

Fundi anayetufundisha cherehani, mimi na wifi yangu, ametuambia mafunzo yanaisha Ijumaa. Nafasi ya kazi ni moja. Kila mmoja ashone gauni, atachagua. Mimi nikaangusha mkasi. Wifi akasema haya, akaendelea kutunga uzi kwenye sindano. Uzi ukapita mara ya kwanza. Jana tulikula chakula cha sufuria moja. Huyu dada wa mume wangu ana nini ambacho mimi sina? Lazima nichunguze.

Jumanne, 5 Mei

Nimegundua. Wifi alishona mkono wa kulia wa gauni lake upande wa kushoto. Mimi ningezimia. Yeye akafumua huku akiimba puani. Nikamuuliza roho haimuumi? Akasema, wifi yangu, nikinuna mkono utahama wenyewe?

Basi siri ni kuimba. Sindano yangu ilipovunjika nikaimba kwa nguvu, nitulie upesi. Chiriku akaamka analia. Fundi akauliza nimekuja kushona au kuaga maiti.

Jumatano, 6 Mei

Si kuimba. Ni kutabasamu. Nimetabasamu tangu asubuhi, mashavu yanauma. Mteja akakwama ndani ya gauni, kichwa hakionekani. Nikamtabasamia. Alipochomoka akadai namcheka. Nikamwambia hapana mama, najituliza. Akasema nikajitulize kwetu. Wifi akamwomba radhi, akamwongezea nafasi mbavuni. Nampenda, lakini ananitia wasiwasi.

Alhamisi, 7 Mei

Nilikazana kutokuwa na wasiwasi hata nikashona bega la kwanza, nikapitiliza moja kwa moja hadi bega la pili. Gauni langu halina pa kupitisha kichwa.

Fundi akaligeuza, akaligeuza tena. Akasema labda ni la mteja asiyetaka kuonekana. Halafu akalainika. Mshono wangu umenyooka kuliko wa wifi, alisema, nifumue shingo tu, kazi ndogo, na nafasi huenda ikawa yangu. Yangu mimi. Wifi akaniazima wembe wake wa kufumulia. Akasema nisijichoshe kichwa, nifumue tu.

Ijumaa, 8 Mei

Nifumue tu, anasema. Nani hutoa siri yake kirahisi hivyo?

Nimemtazama asubuhi nzima. Ni kile kigoda anachokalia akishona. Mgongo ukinyooka, moyo nao unatulia. Alipotoka kumbembeleza Chiriku nje, nimekivuta kwangu. Kinayumba kidogo, nimekitia kitambaa mguuni. Sasa naona tofauti. Moyo umetulia kama maji mtungini. Shingo bado sijaigusa, kufumua kunataka mtu aliyetulia kabisa, na wembe ninao hapa mapajani. Kwanza niandike namna ya kukaa nisije nikasahau. Magoti yakaribiane. Mabega yashuke. Kidevu kiwe

Fundi ananiita, anasema nilete gauni alione. Nimemjibu nakuja, namalizia tu ki